Sauti ya Mayige Ambayo Haijaondoka

Kambi ya Kokoto,
Malampaka, Maswa,
14 Aprili 2024.

Mpendwa shemeji Nyamizi,

Mwangaluka. Natumaini umeshapata nguvu baada ya kujifungua na kichanga ananyonya vizuri. Wema je, amerudi shule? Mimi mwili upo, mgongo ndio unaolalamika. Pole tena, ingawa najua umeshapewa pole nyingi mpaka umechoka kuzipokea.

Kaka Mayige tulimzika Nkololo, pembeni ya baba. Baba mdogo Machibya alisimamia kila kitu. Mvua ilinyesha, lakini kaburi halikuingia maji. Nakueleza kwa sababu hukuweza kusafiri kutoka huko Mpanda na mtoto wa siku nne, na sipendi ukae unawaza mabaya.

Sasa niseme kilichonifanya nitumie karatasi. Kwenye simu nilijaribu mara mbili, nikasikia unalia, nikashindwa.

Hapa kambini intaneti inapatikana kwa njia tatu. Ofisini kuna waifai, kisanduku chenye antena mbili. Inashika mpaka kwenye mashine ya kusaga mawe, ila nywila anayo karani Fabian na sisi vibarua hatupewi. Nyingine ni hotspoti. Mwenye bando anawasha, wenzake hata wanane wanaingia kwake, simu yake inachemka na chaji inaisha haraka. Halafu kuna bluetooth. Hiyo mwenye bando anamgawia mtu mmoja tu, simu zikae karibu, inakwenda taratibu, ila haili chaji sana.

Mwenye bando siku zote alikuwa kaka. Nilimwambia atumie bluetooth, anipe mimi tu ndugu yake. Akanicheka mbele ya watu: "Masunga, wewe ungekuwa kisima ungejifunika!" Akawasha hotspoti na kukaa katikati ya banda, ili hata wa mlangoni wapate.

Jioni ile ya mwisho alirekodi sauti ya kukutumia wasapu. Alitutangazia kwamba amempatia mtoto jina, ila wa kwanza kulisikia ni wewe. Akatusihi, "Jamani, mnibakizie bando la mama Wema." Tulikuwa tunaangalia mpira. Wenzangu walizima. Mimi sikuzima, nilitaka kuona penalti. Bando likaisha, ujumbe wake ukabaki na alama ya saa. Hakunigombeza. Alisema atanunua vocha kesho. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, jiwe likamshukia machimboni.

Shemeji, aliyemaliza bando lile ni mimi. Msibani sikumwambia mtu.

Simu yake ninayo. Ujumbe bado upo, dakika moja na sekunde kumi na mbili. Sijausikiliza. Simu ile ikipata mtandao tu, utaondoka wenyewe. Niliogopa sauti yake ikufikie ghafla unanyonyesha, na hakuna mtu wa kukushika. Kwa hiyo nimeizima.

Fabian alinionea huruma, akataka kunipa nywila, lakini pale ofisini watu hawaishi. Hotspoti nikiwasha, wenzangu wataomba kuingia, wameshazoea. Nitanunua bando nigawe kwa bluetooth, kutoka simu yangu kwenda yake, basi.

Nimesikia mama yako anataka mtoto aitwe Mayige. Mwombe asubiri kidogo. Ukiwa tayari, na mama akiwa kando yako, nitumie meseji ya neno moja: "tuma". Kama bado huwezi, nitakuletea simu mwenyewe, ikiwa imezimwa. Na hata kama umenikasirikia, andika neno hilo hilo tu, si lazima uongeze kitu. Nitaelewa.

Msalimie sana mama, umshike Wema kichwani kwa niaba yangu, na Joakim anayewachunga ng'ombe wa kaka mwambie awaangalie kama wake. Mungu awafunike huko mliko, amkuze mtoto.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na nisiyelala vizuri,

Masunga