Jina la Mama Yako Nani?

Mama,

Kamera yako haijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Tangu tukuzike, Baba amekuwa akiikwepa kamera ile kama mtu aliyeona nyoka chumbani. Polisi mzima! Siku hizi gari likisimama nje, anazima redio. "Katika mji huu," aliniambia, "mwenye kamera anaulizwa ametumwa na nani. Tuiuze kabla haijatuletea watu wa usalama wenye miwani myeusi." Nikamwomba asubiri mashindano ya picha ya Lubaga. Nisiposhinda, auze. Akakubali upesi, nadhani kwa kuwa hakuamini nitashinda. Unamjua Baba.

Nilipeleka picha ya Nalongo, yule mama wa mapacha anayechoma mahindi mbele ya mafundi wa masufuria hapa Katwe. Nilimpiga picha kama ulivyokuwa ukipiga wewe. Wenzako wa studio nyingine huwaamuru watu wacheke. Wewe ulikuwa ukiuliza, "Jina la mama yako nani?", kisha unabonyeza kabla mtu hajafungua kinywa. Ulisema hapo ndipo uso wa mtu unapokuwa wake mwenyewe. Nalongo alikuwa amekunja uso kwa moshi. Nikamuuliza, uso ukafunguka, nikabonyeza. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi moja tu ya kuchapia, maana siku hizi zinakuja kwa magendo kutoka Kenya, na sikuiharibu. Ulinifundisha vizuri, nami nilijifunza vizuri. Leo nitajisifu, hakuna wa kunizuia.

Siku ya washindi nilivaa lile gauni lako la kitenge na kuitundika kamera yako shingoni. Linanibana mabegani, wengine huzuni huwakondesha, mimi imeninenepesha.

Tulikuwa washindi watatu. Wa kwanza ni Wanjala, Mkenya, karani wa kiwanda cha mikate, kwa picha ya mvua pale Nakivubo. Wa pili ni binti yako. Alipofika kwa wa tatu, msomaji wa majina aliitazama karatasi, akameza mate, akasoma: Koplo Musa. Akatokea nyuma na sare na buti zake, watu wakampisha. Nani amethubutu kumpa mwanajeshi nafasi ya tatu? Wanjala akaninong'oneza, "Dada, akitaka ya kwanza, mimi nampa na mkate juu." Nikacheka tumboni.

Tukasimamishwa pamoja mbele ya picha zetu. Koplo akaipita yake, nguo za watoto zilizoanikwa kambini, akasimama kwa Nalongo. Akasimama sana.

"Hii picha nani alipiga?"

Nikajua yametimia aliyoyasema Baba. Lakini sikuinama, Mama. Nikasema, "Mimi."

"Nani alifundisha wewe?"

"Mama yangu, mwenye studio ya Katwe."

Akavua kofia. "Mama ile? Iko wapi sasa?"

Nikamwambia hupo tena. Akaitazama kofia mkononi mwake. "Wakati naingia jeshi, yeye alipiga mimi picha ya kitambulisho. Aliuliza mimi jina ya mama yangu. Toka siku ile hakuna mutu aliuliza mimi hiyo."

Sijui mikono yake hufanya nini siku nyingine, na sikumuuliza. Huku hatuulizani hayo. Ila siku hiyo aliinyoosha taratibu, akaomba kamera yako. "Leta. Nyinyi simama hapo." Wanjala akanyoosha tai. Koplo akafumba jicho moja.

"Dada, jina ya mama yako nani?"

Mama, tangu mazishi sikuwa nimelitamka. Ulipokuwa hai nilikuita Mama tu, na ulipoondoka niliona sina tena haki ya kuita chochote. Koplo akabonyeza. Ndipo nikalisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: Nekesa. Nililia, ndiyo. Wanjala alinipa leso inayonukia mkate.

Zawadi yangu ilikuwa pakiti ya karatasi za picha. Jana niliisafisha ile filamu na kuchapa picha yetu. Baba akaipeleka dirishani. Wanjala anacheka, na mimi niko pembeni yake, kinywa kiko karibu kufunguka. Baba akaiacha hapo hapo habari ya kuuza. Aliingia ndani, akarudi amevaa sare, vifungo vyote vimefungwa, akaketi kwenye kiti chako cha wateja.

"Basi, na mimi nipige."

Sikumuuliza jina la mama yake. Nilimuuliza, "Jina la mke wako nani?" Nikabonyeza kabla hajajibu.

Picha hiyo bado imo ndani ya kamera. Nitaichapa kwa karatasi nzuri kuliko zote nilizonazo na kuitundika mlangoni, wateja waione kwanza kabla ya kuniona mimi. Studio nitaifungua kila asubuhi, na kila atakayeketi pale nitamuuliza swali lako, awe na sare au asiwe nayo. Pumzika, Nekesa. Siogopi tena kukuita.

Binti yako