Tata, Lori Lilileta Vitanda

Bukoba, bwenini

Kwako Tata mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Mama na wote wa hapo Izigo, na migomba iwe imesimama baada ya ule upepo. Mimi sijambo.

Baba mdogo alifika jana akaniambia, "Funga sanduku, baba yako anakuita." Nikauliza nimekosa nini. Akasema sokoni wanasema wasichana waliohesabiwa shuleni watapakiwa kwenye lori, wapelekwe vijiji vipya vya mbali, wakaozwe huko.

Nilidhani mwalimu wetu wa siasa atamcheka. Badala yake alimpa kiti. Baba mdogo akafungua jani la mgomba, akamkaribisha kahawa ya kutafuna. Mwalimu ni mtu wa Dodoma. Akaimeza punje nzima nzima.

"Ndugu mwalimu, hiyo si kwinini!" Baba mdogo alicheka mpaka machozi.

Baada ya hapo waliongea vizuri. Mwalimu alikubali kwamba tulihesabiwa, na kwamba wazazi hawakuambiwa sababu. Lori nalo lilikuja kweli. Lilileta vitanda, ndiyo sababu ya kuhesabiwa, maana tulikuwa tunalala wawili wawili. Baba mdogo amevishika kwa mkono wake, lakini anasema uamuzi ni wako.

Leo darasani mwalimu alituuliza kwa nini watu wenye akili huamini habari kama hizo. Mwenzetu akajibu, "Ujinga." Mwalimu akakataa. Alisema wakubwa wakiamua mambo bila kueleza, watu hujieleza wenyewe, na aliyewahi kuonewa hujieleza kwa hofu. Nikamkumbuka Babu, aliyekatiwa migomba kwa amri ya mkoloni bila kuambiwa neno. Kwa hiyo sikuoni mjinga, Tata. Nakushukuru kwa kuniogopea, na kwa kumtuma mtu aje mpaka huku kwa ajili yangu.

Sanduku nimefunga. Ukisema nirudi, nitarudi bila kununa. Ila nakuomba uje kwanza, umuulize mwalimu mwenyewe. Ameahidi kujibu kila swali, hata la hasira. Ninatamani kumaliza masomo, niwe mtu anayewaeleza watu mapema, kabla hawajaogopa.

Nisalimie Mama, Bibi anayetandika nyasi mpya sakafuni kila sikukuu, na kaka yangu mchuma kahawa.

Jumapili nitakuwa langoni, nikitazama barabara ya Muleba.

Binti yako,
Kokushubila