Afande, Wanasema Chuma Chako ni Kivivu

Afande,

Tangu tukuzike mvua imekuja ikaenda, na karakana iko palepale kwenye njia ya Kimaka, mlango bado unakwaruza. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Wewe ulikitoa jeshini, kwenye gereji ya malori. Mimi nilikuja kutoka Buwenge na Lusoga ya nyumbani tupu, ukanifundisha lugha na kuchomelea kwa pamoja, na matusi juu.

Habari ninayokuletea ni ya kijinga. Wanasema chuma chako ni kivivu.

Dokta mmoja wa chuo huko Mbale, mwenye viganja laini kama vya bwana harusi, alikuja kupima stendi yako ya tangi la maji, ile ya miguu minne minene. Alikuja na mwanafunzi wake, Zaituni, binti mwenye adabu, amebeba kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Walipima kila kitu mara tatu. Nikajivuna. Nikasema, leo mzee wangu anaingia kitabuni.

Wakanieleza kazi yao. Wanaichora stendi ndani ya kompyuta, programu inaikatakata vipande vidogo maelfu kwa maelfu, inapigia kila kipande hesabu ya mzigo, kisha inapaka rangi: nyekundu panapoumia, buluu pasipo na kazi. Miguu yako ikatoka buluu, juu hadi chini.

"Mama, hiki chuma kinakula bure," Dokta akaniambia. "Huyu mzee wenu alikuwa anabahatisha."

Akataka unene upunguzwe nusu, stendi ya kwanza ya namna hiyo isimame kwenye shule ya msingi Nabuyonga, hukohuko Mbale, wanafunzi wake wajifunzie hapo, na yeye apate makala yake.

Ningemjibu nini? Miaka tisa nilikuuliza kwa nini miguu minene hivi, na miaka tisa ulinijibu lilelile: "Wewe tia chuma. Hii udongo hapana kula kiapo." Ndiyo elimu uliyoniachia. Mbele ya mtu mwenye rangi zote za kitenge, mimi nilikuwa na msemo mmoja wa gereji.

Basi nikachomelea. Mimi, Afande. Mkono huuhuu. Miguu myembamba, tukaisimamisha Nabuyonga, tangi tupu likapandishwa juu kungoja mafundi bomba.

Wiki mbili baadaye wakanialika chuoni, Zaituni akitetea tasnifu yake. Wakubwa wamevaa suti, wanazitazama zile picha kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga. Wakamuuliza ukubwa wa vipande. Wakamuuliza jina la programu. Mmoja alimsumbua robo saa kwa ajili ya koma kwenye orodha ya vitabu. Swali la chuma, hata moja. Nikanyoosha mkono nikauliza: huko chini, miguu mmeifunga kwenye nini?

Zaituni akasema yote minne imefungwa ardhini, haisogei hata unywele.

Haisogei! Mbale, ambako ikinyesha siku mbili hata choo kinahama! Ndipo nikakuelewa, nimesimama mbele ya watu na mkono juu. Tangi la lita elfu tano ni tani tano. Kwa miguu minne, kila mmoja tani moja na robo; hapo sawa, buluu. Lakini udongo ukizama chini ya mguu mmoja, stendi inakuwa kama meza mbovu ya hoteli: inasimamia miguu miwili, pembe kwa pembe, na kila mmoja unabeba tani mbili na nusu. Mara mbili. Hesabu ya darasa la nne, na mule ndani walikuwemo maprofesa watatu.

Nikamwomba Zaituni aufungue mguu mmoja. Dokta akacheka: "Mama, hapa tunafanya sayansi, hatutabiri mvua." Lakini binti alikwisha kubonyeza. Tukangoja. Miguu miwili ikageuka myekundu kama nyama buchani. Kompyuta haikuwahi kudanganya. Ilikuwa inajibu swali la mjinga kwa uaminifu wake wote.

Unajua walifanya nini? Waliongeza sentensi moja, kwamba matokeo yanahusu "msingi usiosogea", wakaenda kunywa chai. Msingi usiosogea! Wakautafute mbinguni.

Mimi niliazima grainda ya kukatia chuma hapohapo chuoni, nikaenda Nabuyonga. Mafundi bomba walikwisha kuja. Tangi limejaa, na watoto wamepanga foleni chini yake na vikombe. Nikawaondoa, nikafungua maji yote, uwanja ukawa ziwa. Mwalimu mkuu akapiga kelele kwamba nimepandwa na pepo. Nikapiga magoti kwenye tope, nikautazama mguu wa upande wa mtaro. Ulikuwa umeshazama upana wa kidole.

Tukateremsha tangi, nikaikata miguu yote minne.

Dokta namdharau, na nitamdharau mpaka nizeeke. Lakini wewe nawe, Afande. Sababu uliijua, ukafa nayo kama mchoyo. Ungenipa sababu badala ya amri, nisingewasha moto juu ya miguu ile, na watoto wa watu wasingesimama chini yake. Nimekulilia na nimekukasirikia, na sijui kipi kilianza.

Stendi mpya imesimama, minene kama ulivyotaka. Pumzika sasa, mzee wangu. Nami nakuahidi hili moja: yeyote atakayenishikia chuma nitamwambia kwa nini, hata asipouliza, hata akichoka kunisikia. Zaituni alikuja mwenyewe kushika upande wa pili nilipokuwa nachomelea. Nikamwambia.

Alitoa kalamu.

Babirye