Skrini Inayongoja

Kiganjo, Thika
Jumapili, baada ya kanisa

Mpenzi Mama Nafula,

Kwa heshima zote, na huku nikiwa nimesimama wima (sasa nimeketi, miguu imechoka), ninakutangazia wewe, ukoo wetu wote na kila kuku wa boma letu, kwamba kikombe changu cha chai kimehamishwa rasmi kutoka mezani hadi sakafuni. Sababu ya uhamisho ni ile skrini mpya ya kompyuta. Imekalia meza yote, na upande mmoja umening'inia nje kama abiria wa tatu kwenye boda boda. Kikombe hakikupinga. Kimepigwa teke mara moja tu, na aliyekipiga ni mimi mwenyewe.

Baada ya tangazo hilo, habari yako mke wangu? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, ama umeiweka kabatini ikuangalie? Na yule fundi wa paa la jikoni, alirudi, ama bado yuko njiani tangu mvua ya kwanza? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha. Kazini ni msimu wa nanasi, makopo yanapita mbele yangu kwenye mkanda kutwa nzima, na kazi yangu ni kuangalia kama karatasi imebandikwa sawa. Nikifumba macho bado yanapita. Juzi nilimshika mkono mchungaji baada ya ibada nikajikuta namwangalia kola kama imekaa sawa.

Najua unashangaa kwa nini naandika barua kama mtu wa zamani na simu iko mfukoni. Kwanza, Barasa, yule jirani yetu wa nyumbani ambaye tunafanya kazi pamoja hapa, anakuja huko kwa matanga ya shangazi yake, na mikono yake ilikuwa mitupu. Pili, wewe unanijua. Kwa simu mimi ni mtu wa mizaha. Nikianza kusema jambo la maana unacheka kabla sijalifikia, nami nafurahi kwamba umecheka, basi jambo linabaki hapo hapo. Karatasi haicheki.

Jambo lenyewe ni ujumbe wako wa jana. "Baba Nafula, kama hata na skrini mpya picha bado inashika, inakwama, tuache tu hii mambo ya malori. Unajisumbua bure. Tutakuwa tunapigiana simu." Nimeusoma nikingoja zamu yangu kwa mfereji. Nimeusoma kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe. Mama Nafula, mimi sitaki tuache.

Unakumbuka tulivyomcheka Nafula alipotuwekea ule mchezo kwenye kompyuta zote mbili kabla ya kwenda chuo? "Endesheni malori pamoja mkiongea, muache kunitumia mimi habari za kuku." Tukasema huyu mtoto amechanganyikiwa. Mwalimu wa darasa la tatu na mzee wa makopo, sote tumevaa vipokea sauti kama marubani, tunapeleka jibini kwa theluji, kwenye miji ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuitaja! Na wewe, kabla ya kuwasha injini, ukaomba safari. Ukamwomba Mungu atuepushe na ajali, kwa lori ambalo haliko. Nilisema amina kwa moyo wote, halafu nikagonga lango.

Sasa fikiria tukiacha. Kwa simu tunaongea karo na mbolea, na mambo yakiisha tunaagana. Kwa malori kuna kunyamaza. Unaendesha, naendesha, barabara inakwenda, hakuna anayesema neno, halafu unasema tu, "Leo nimekumbuka mama alivyokuwa akiita kuku nikiwa mdogo." Kitu kama hicho hujawahi kuniambia kwa simu hata siku moja. Kwa simu ungesema mama hajambo, amekusalimia. Jumatatu hadi Ijumaa mimi huongea na makopo. Jumamosi jioni huwa nina mtu.

Hapa kwa ploti wameshazoea. Mama Kamau, jirani wa ukuta mmoja, mwanzoni alidhani nimerukwa na akili. Akanisimamisha kwa kamba za nguo.

"Baba Nafula, jana ulikuwa unamwambia nani 'pita mama, pita, nakufuata'?"

"Mke wangu."

"Kwani amekuja?"

"Hapana. Yuko Ujerumani na lori."

Akaniangalia, akaangalia nguo zangu kwenye kamba, akasema, "Ngai, pole," akaenda zake. Jioni aliniletea githeri. Sijamweleza zaidi, maana githeri yake ni tamu.

Haya, turudi kwa picha. Ile skrini ya zamani ilikuwa na shida ya kweli, hilo ujue. Nikikata kona, picha ilikuwa inapasuka katikati: nusu ya juu ya lori iko kushoto, nusu ya chini iko kulia. Mahali penye miti mingi na mvua ilikuwa kama mkanda wetu wa makopo siku ambayo mota inataka kufa, unakwenda, unasita, unaruka. Wewe ukasema, "Nunua unachohitaji, sofa itangoja." Ndipo nikashuka Ruiru kwa Wanjiru, yule dada mwenye duka la kompyuta ghorofani, nikiwa nimeandaa hotuba kwamba nataka kadi ya picha yenye nguvu, ile inayochora picha ndani ya kompyuta.

"Mzee, kadi mpya itakumaliza," akasema. "Wewe unacheza nini, vita?"

"Naendesha lori."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

"Aki nyinyi!" Akaita msichana wa duka la pili aje anione. Nilisimama pale kama maonyesho ya kilimo.

Akanieleza pole pole, maana aliona kipara. Skrini ya kawaida inabadilisha picha kwa saa yake yenyewe, kadi iwe imemaliza kuchora au haijamaliza. Kadi ikichelewa, unaonyeshwa nusu ya picha mpya na nusu ya picha ya zamani, ndiyo ule mpasuko. Lakini kuna skrini nyingine, zinangoja kadi. Kadi ikimaliza ndipo picha inabadilika. Ikichora haraka, skrini inakwenda haraka. Ikichora pole pole, skrini inakwenda nayo.

Nikamwambia nimeelewa: ya zamani ni kama mpishi wa kantini yetu, kengele ikilia anapakua, ugali uwe umeiva ama ni uji. Hii mpya inapakua ugali ukiiva.

"Ehe! Mzee umeshika."

"Kwa hivyo kadi yangu itapata nguvu?"

"Wee! Skrini haipiki. Kadi yako itabaki vile iko. Ni vile hutaona aibu yake sana. Lakini ikichoka kabisa, ikianza kuchora picha chache sana kwa sekunde, hata hii skrini itashindwa kuingoja. Hapo utanunua kadi tu, ama upunguze urembo wa picha."

Nilipunguza urembo. Miti ya Ulaya sasa ina majani machache, na vivuli nimevizima. Na nikwambie ukweli kama mtu ambaye analipwa kuangalia vitu vikipita: ile skrini inafanya kazi. Kadi ni ile ile, hesabu ya picha kwa sekunde ni ile ile, lakini macho hayaumii. Kwa barabara kubwa ni kama lami imemwagwa upya. Tukiingia mjini na mvua inanyesha bado kunakuwa kuzito, unahisi lori limebeba mawe badala ya jibini, ila picha haipasuki. Mtu akiniuliza kama skrini kama hii inaweza kuziba pengo la kadi dhaifu, nitamwambia inaziba ikiwa pengo ni dogo. Kadi iliyobakisha kidogo kufika, itafikishwa. Kadi iliyolala haitaamshwa. Barasa anabisha, anasema nimepigwa, ni rangi tu imenivutia. Akifika na barua hii muulize yeye mwenyewe anatazama mpira kwa kitu gani, kama si kwa simu yenye ufa.

Basi, nisalimie wote. Msalimie mama yako, ambaye ananiita mkwe wa kwa mashine, mwambie sukari nimempa Barasa. Msalimie kaka yangu Simiyu, anayetuchungia ng'ombe, na umwambie nimesikia amemkamua kabla ya mtoto wa ng'ombe kunyonya, aache. Msalimie mwalimu mkuu wako, Bi. Khisa, mpe pole ya msiba. Nafula akipiga simu mwambie baba yake amejua kurudi nyuma na trela bila kugonga kitu, akatae kuamini kama kawaida yake. Na msalimie jogoo, mimi na yeye tutaonana Desemba, ajiandae.

Hapo ndipo mtu mwenye adabu huweka jina lake. Nimeandika herufi ya kwanza nikaifuta, utaona doa.

Nilikuambia jana kwamba asubuhi nilirudisha kompyuta Ruiru kama ulivyoniagiza, na kwamba Wanjiru alisema kadi ni dhaifu mno. Kompyuta niliipeleka, ndani ya gunia, nikiwa nimeipakata kama mtoto. Lakini Wanjiru hakusema hivyo. Aliiunganisha na skrini kama yangu, akaweka hesabu ya picha kwenye pembe ya skrini tuione, akasema, "Endesha nione ikishika." Nikaendesha. Mjini hesabu ikashuka kidogo, skrini ikangoja, tukapita. Barabara kubwa, safi. Tukakaribia ghala la kushushia mzigo, na lori likaanza kupunguza mwendo, likasimama.

"Mzee, mbona umeshika breki?"

"Sijashika."

"Kidole chako kiko juu yake."

Nikaangalia. Kidole kilikuwa juu yake.

"Nimezoea," nikasema. "Hapo kwa kawaida mke wangu huwa mbele."

"Ai! Si basi ndio umfuate?"

Nikaondoa kidole, lori likabaki pale pale. Wanjiru akanitazama, akasema "Aa," kwa sauti ndogo, akaanza kukunja nyaya. "Kadi usinunue, mzee. Enda nyumbani."

Mama Nafula, ule mpasuko wa picha ulikuwa kweli, na mjini ilikuwa inashika kweli. Lakini kule mwisho, karibu na ghala, mahali ulipokuwa unasimama na kusema "Baba Nafula uko wapi, jibini inaharibika," hapo haikuwa kadi, si kwa skrini ya zamani wala kwa hii. Ukishusha mzigo huwa unasema, "Haya, Mungu akulinde," halafu kunalia kitu kidogo kwenye masikio, na umekwenda. Mimi hubaki nimevaa vile vipokea sauti. Sivivui. Nikivivua nasikia watoto wa Mama Kamau wakigombania rimoti, na sufuria yangu moja ikiniangalia. Kwa hivyo nilikuwa nakuchelewesha, njia iwe ndefu kidogo.

Ukitoka kwaya wakati ule wa uchumba wetu, nilikuwa nakusindikiza hadi kwenu, nawe unageuka kunisindikiza hadi kwa kinu cha kusaga, nami siwezi kukuacha urudi peke yako, nakurudisha. Mama yako akasimama langoni na mwiko akauliza kama tunapima shamba. Nadhani mimi sikuwahi kumaliza kupima.

Tusiache. Kuanzia Jumamosi ijayo nitafika ghalani pamoja nawe, sina pa kujificha tena, hii skrini inaonyesha kila kitu. Ila tukishashusha mzigo, usizime hapo hapo. Zima injini ya lori, kompyuta uiache, ukae kidogo. Hata ukisahihisha madaftari yako, sitasema kitu.

Na ili usimlaumu Wanjiru wala mashine, jana jioni ilikuwa hivi. Barabara ilikuwa imenyooka, jua la kule linazama upande wako, picha laini kama maziwa, hakuna kitu kilichosita. Nililiona lori lako jeupe mbele yangu likiwa zima, kila kitu mahali pake, hata taa yako ya kugeukia kulia, inawaka, inazima, kuelekea langoni. Ukasema, "Tumefika." Nikashika breki, nikakuambia, "Imeshika tena." Ukashusha pumzi, ukasema pole. Haikuwa imeshika.

Mume wako,
Wafula