Mikono ya Nyabise

Da Zuhura, shikamoo.

Mwongozaji wa ile filamu inayowania tuzo amenithibitishia leo kwa simu kwamba jina la Nyabise litaongezwa kwenye majina ya mwishoni. "Tulisahau," alisema. Nilimtajia herufi moja moja.

Nyabise anapasua sangara hapa Kiriba. Kwenye filamu, mchuuzi wa samaki ana uso wa mwigizaji wa Dar es Salaam, ambaye ameteuliwa kuwania tuzo. Mikono inayopasua samaki ni ya Nyabise. Majirani waliitambua: mchuuzi anakula kwa mkono wa kulia, lakini kisu anakishika kwa mkono wa kushoto, kama Nyabise.

Nilipompelekea habari, nilimkuta ana magamba mpaka viwikoni.

"Mwandishi, hao wanasemaga tu. Nitaamini nikiliona."

Jirani yake akadakia, "Mikono inaendaga kwenye tuzo, mwenyewe unabaki na magamba."

Nyabise alicheka, akanichomea kipande cha mkia. Kilikuwa kitamu, ingawa mvua ilitukatiza.

Goti lako lipone, dada. Filamu itaonyeshwa Musoma mjini Jumamosi, saa kumi jioni. Nyabise ameniambia nikae karibu naye, na tusinyanyuke mpaka majina yote yapite.

Mdogo wako, Idi