Mema Matano kwa Gesare

Jumapili, 7 Septemba 2025
Semina ya ndoa kanisani, na mke wangu Linda. Mshauri alisema neno moja kali hutaka mema matano, la sivyo mwenzio hujifunga. Linda alinitazama. Mimi nilikuwa namfikiria Gesare, mwanafunzi wangu wa Gredi ya Saba. Mwezi jana nilimwambia kichwa chake ni boga — mbele ya darasa! Tangu hapo hajainua mkono.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimetenga daftari dogo. Jina lake, mistari mitano ya sifa kwa siku. Leo: mwandiko, kuwahi, sketi safi, kufuta ubao, kujaribu. Imetimia kabla ya uji wa saa nne.

Alhamisi, 11 Septemba
Inafanya kazi! Ameinua mkono mara mbili. Hesabu zote sahihi. Nikamsifu mara sita.

Jumanne, 16 Septemba
Nilikuwa karibu na dirisha, hawakuniona. Gesare alipoingia, Haron akawaambia wanafunzi wenzake wapishe, bibi ya mwalimu anapita. "Leo umesifiwa nini, mama? Kupumua?" Darasa zima kicheko. Nilipoingia, wote wakafungua vitabu.
Nikikusanya vitabu, Gesare akasema akiangalia sakafu: "Mwalimu, nifanyie tu kama wengine."

Jumatano, 17 Septemba
Gesare hakuja shule. Alikuja mama yake, Mong'ina, na gumboots za shamba la chai. Alikataa kiti. Aliniuliza kwa Ekegusii, mbele ya mwalimu mkuu, Madam Tryphosa, msichana wake amekuwa nani kwangu. Nikaeleza semina.
"Semina ya ndoa?" Madam Tryphosa akarudia, polepole.
Mungu wangu!
Mong'ina akauliza kwa nini sikumwambia mtoto pole, mara moja, yaishe. Mwalimu kumwomba mtoto msamaha — sijawahi kuona. Wazo lenyewe halikunijia.
Madam anataka daftari kesho asubuhi. Sina cheti cha ualimu, nilikomea Kidato cha Nne. Akitaka, natoka kesho hiyohiyo. Na daftari lina kurasa saba, jina moja tu!

Nimeketi nalo kabla ya chakula. Kalamu ileile ya buluu. Nimeongeza Haron, chini ya tarehe 8: mistari mitano. Cynthia: mitano. Linda anauliza nafanya nini. Nimesema nasahihisha. Duke: minne, asionekane sawa na wengine. Brandon: mitano. Lakini Brandon hakuwa shuleni wiki ile yote —