Themostati Uliyoitoa Kibwezi

Eldoret,
Jumapili mchana

Kwa Baba Mwende,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa na watu, si kwa sababu unazistahili. Natumaini mgongo umetulia na Mama amemaliza zile dawa za kifua. Mwende hajambo, amepanda nafasi mbili darasani. Mimi pia sijambo, ingawa hukuniuliza. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umenifungia namba yako wiki nzima sasa, na karatasi huwezi kuikata katikati kama unavyokata simu. Dereva wa basi ataileta hapo gereji kwako pamoja na kifurushi. Usifungue kifurushi kabla hujamaliza kusoma.

Nimesikia kuna kikao Jumamosi. Dada yako ndiye ameniambia, wewe umenyamaza. Ati wazee wameitwa, mjomba wako Mutua ndiye ataongoza, na mimi ndiye kesi. Ati nazurura Eldoret na gari ulilonipa, kuna mwanamume nambeba, kwa hivyo niache kazi nirudishwe Kibwezi na mtoto. Na ushahidi ni mafuta! Woi! Miaka kumi na mmoja ya ndoa, nahukumiwa na tangi la petroli.

Haya, tuongee mafuta basi.

Unajua safari zangu kuliko mimi mwenyewe. Nampeleka Mwende shule, naenda soko la Ziwa kupima maziwa kwenye kituo cha kupoza, narudi. Kila Jumapili ulitaka picha ya mita ya kilomita na nikakutumia kama mfungwa anayeripoti kwa chifu. Kilomita zilikuwa zile zile. Mafuta ndiyo yalikuwa yanaisha Jumatano badala ya Ijumaa. Ukasema nini? Ukasema nimechomoa waya wa mita. Mimi! Mimi ambaye boneti tu nilikuwa nalifungua kwa kubahatisha.

Na nilikwambia gari ni gonjwa. Nilikwambia tangu mwezi wa kwanza huku. Likitembea ni sawa, lakini likisimama na injini inaunguruma, linaanza kutetemeka kama mtu wa malaria. Mngurumo unapanda, unashuka, unapanda, halafu puu, linazima. Pale kwenye mzunguko wa magari mjini nilikuwa nashikilia breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mwingine, nyuma yangu watu wanapiga honi na kunitukana. Ukaniambia ni kuendesha kwangu. Ukaniambia, maneno yako haya, "EFI, injini ya kompyuta, haipendi mtu anaikanyaga kama cherehani." Nikaamini, kwa sababu fundi ni wewe.

Siku ya soko kule Ziwa gari lilizima katikati ya barabara, mbele ya wakulima na mitungi yao ya maziwa. Wanne walikuja kunisukuma. Mzee mmoja aliona ule moshi mweusi akacheka mpaka akashika kofia: "Madam, hii gari inakunywa kushinda bwana ya jirani yangu, na huyo tulimwombea kanisani." Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaingia ofisini nikalia.

Usifikirie nilikaa tu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Zile za zamani zilikuwa nyeusi tititi, zina masizi kama sufuria ya kuni. Gari likatulia siku tatu, likaanza tena. Akaosha injekta. Wapi! Akakaza skrubu ya kuongeza mngurumo, gari likawa linalia kama trekta na mafuta yakaisha Jumanne. Fundi wa pili akasema kuna mpira unavuta hewa mahali. Akapaka povu la sabuni kwenye mipira yote, hakuna hata mmoja uliopasuka. Mwenzangu wa kazini, Chebet, akasema niuze tu. Nikasema siuzi, mume wangu alinitengenezea kwa mikono yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakutetea, na wewe huko umekaa na mama yako mnanijadili.

Ni Chebet huyo huyo aliyenipeleka kwa Mzee Abdi. Kabla hujaruka, Mzee Abdi ana wajukuu tisa na anatengeneza malori ya mahindi ya Moi's Bridge. Hakugusa spana. Aliniuliza maswali mawili.

"Mama, inatetemeka asubuhi peke yake ama siku mzima?"

"Siku nzima, Mzee."

"Na ile hewa ya moto ya ndani, inafanya?"

Nikamwambia hiyo ilikufa zamani, ndivyo mume wangu alivyosema. Mimi na mtoto tunajifunika shuka magotini tukienda shule. Unajua baridi ya huku saa kumi na mbili asubuhi, au hujui? Hujawahi kuja.

Mzee akatikisa kichwa. "Haijakufa hiyo. Injini yako ndiyo haijawahi kupata moto."

Akanionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi. Nilikuwa nimetoka Ziwa moja kwa moja, na mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Akaniambia niweke mkono kwenye bomba la juu la rejeta. Nikaogopa kuungua. Akasema weka. Nikaweka, lilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Basi akafungua vile vibolti viwili, akavuta kile kifuniko bomba linapoingia kwenye injini, akachungulia. Halafu akaniita nichungulie pia. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nani ametoa themostati hapa?"

Baba Mwende, sikuhitaji kufikiri. Niliuona ule waya kwenye ukuta wa gereji yako, themostati zimetungwa kama samaki wa kukausha, moja kwa kila gari lililowahi kuingia pale. Nilikuwa nimesimama hapo na mimba ya Mwende ukinieleza kwa maringo: "Hii kitu ni ya nchi za baridi. Kwetu ni jua, ya nini?" Kila gari, hata kabla mwenyewe hajasema linaumwa wapi, wewe unaitoa kwanza. Na langu ukalifanyia vivyo hivyo, halafu ukanipungia mkono nipande nalo Eldoret.

Nilipomwambia Mzee Abdi, alijaribu kukustahi. Alisema mafundi wa huko chini penye joto wote wanafanya hivyo, jua linawafichia kosa. Lakini huku, alisema, themostati ndiyo huzuia maji mpaka injini ishike moto; bila hiyo maji yanazunguka bila kuzuiwa, injini inabaki baridi. Sensa ya kupima joto inaiambia kompyuta kwamba ni asubuhi bado, gari ndiyo kwanza limewashwa sasa hivi. Kompyuta inaamini. Inamwaga mafuta mengi ya asubuhi siku nzima. Plagi zinazibwa na masizi, injini inatetemeka, tangi linakauka Jumatano.

Huyo ndiye mwanamume niliyekuwa nambeba. Kikopo chenye springi, na hata hakikuwemo!

Aliweka mpya, akasafisha plagi, akarudisha ile skrubu. Ilichukua muda wa chai moja. Mshale ukapanda ukasimama katikati. Injini ikanguruma pale pale ilipo, bila kupanda wala kushuka, na hewa ya moto ikanipiga usoni. Jana nilienda mpaka Burnt Forest kuona wakulima wapya na kurudi. Leo ni Jumapili, tangi lina robo. Mwende amekataa shuka, anasema gari lina jiko.

Sasa sikiliza. Mtu akikuletea gari usilolijua, unaweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, unanyamazisha gereji yote, unasikiliza nusu saa kabla ya kusema ubovu uko wapi. Nimekuona. Mimi hukunisikiliza hata dakika moja. Ulikimbia kwa mama yako, naye akasema lisemwalo lipo, mkaita wazee. Nimeumia. Sitalipamba hilo neno. Nimeumia na nina hasira, na nikikuona leo sijui nitakufanya nini.

Kwenye kifurushi kuna plagi nne nyeusi, zile za zamani alizotoa fundi wa kwanza. Ni kazi ya mikono yako, ziweke mezani Jumamosi. Mimi siji. Kikao kikae kama mlivyopanga, barua hii isomwe yote, hata hapo nilipokuchamba. Nakala nyingine nimemtumia mjomba moja kwa moja, maana nakujua. Kisha simama wewe mwenyewe, mbele ya mama yako, useme nani alitoa themostati na nani alisingiziwa. Ukishasema, nifungulie namba unipigie. Usiposema, shule zikifungwa mimi na Mwende tutateremka kwa baba yangu. Nimeshamweleza. Hakuuliza maswali, amesema chumba changu bado kipo.

Mwambie Mama nampa pole ya kifua, na kwamba mkwe wake anapima maziwa, hapimi wanaume. Msalimie dada yako, yeye ni mtu. Msalimie mjomba, mwambie asome kwa sauti na asiruke mstari. Yule jirani wa duka la mbolea aliyekuwa akiniombea mabaya, mwambie Mungu alisikia akapuuza.

Mwende anakusalimu. Alitaka kujua kwa nini hupokei simu zake siku hizi, nikamwambia baba ana kazi nyingi. Huo ndio uongo wa pekee niliousema tangu nije huku.

Hapa chini nimezoea kuandika "mke wako". Leo nimeisogeza kalamu hapo mara tatu, haiandiki.

Mutheu,
binti wa Mzee Nzioka